Je, Jihadi ni Nguzo ya Uislamu?

Hotuba ya mwalimu wa madrasa katika kikao cha wananchi na polisi, mpakani mwa Ruvuma



Kijana mmoja aliniuliza baada ya sala ya Ijumaa: "Maalim, mbona mwatufundisha nguzo tano, na jihadi mwaificha?" Sikumkaripia. Swali hilo ni kongwe kuliko sisi sote.

Abdullahi bin Umar, mwana wa Khalifa wa pili, aliulizwa na mtu kwa nini hatoki kwenda vitani. Jibu lake, lililopokewa katika Sahihi Muslim, lilikuwa hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuwa Uislamu umejengwa juu ya mambo matano: shahada, sala, zaka, saumu na hija. La sita hakulitia.

Wako waliolitia. Maismailia wa zama za Fatimiyya waliihesabu jihadi miongoni mwa nguzo saba. Na mwaka 1981, huko Misri, Muhammad Abd al-Salam Faraj, aliyesomea umeme wala si fikihi, aliandika kijitabu akidai kuwa jihadi ni faradhi iliyoachwa, inayomlazimu kila mtu pasipo ruhusa ya wazazi. Mwaka huo huo Rais Anwar Sadat aliuawa. Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, alikijibu kijitabu kile kwa hoja.

Neno la ruhusa ya wazazi ndilo linalotuumiza hapa. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa Oktoba 2017, wako wazazi walioamka wakakuta mkeka wa kijana mtupu. Ilhali mtu alipomwomba Mtume aende jihadi, aliulizwa kama wazazi wake wangali hai. Alipoitikia, akaelekezwa akaifanye jihadi yake kwao.

Sisemi jihadi haimo katika dini. Imo, na mwalimu atakayeikana atawapoteza vijana, maana wataikuta ndani ya msahafu. Lakini wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi wameiweka katika faradhi ya kifaya: wakiisimamia wanaotosha, waliobaki hawana dhambi, na amri yake ni ya mtawala, si ya sauti isiyo na jina inayokuja kwa simu usiku. Huwa juu ya kila mtu pale adui anapouvamia mji. Basi nauliza: Oktoba 2020, nani aliyeivamia Kitaya akachoma nyumba? Na waliokimbia Mocímboa, si wengi wao Waislamu?

Nanyi askari, nina ombi. Kijana akiuliza habari za jihadi msikitini, mwacheni aulize. Akinyamazishwa kwangu ataliuliza kwingine. Na mama akija kituoni kusema mwanawe hajaonekana, mpeni kiti kwanza. Mwezi uliopita mmoja alikuja kwangu, kwa kuwa kwenu aliogopa kufungiwa yeye. Siku tatu zilikuwa zimekwisha kupita.