Bima ya Afya na Kibarua wa Chumvi

(Hotuba ya mfanyakazi wa reli mbele ya wafanyakazi wa chumvi, Marereni)



Mimi ni mtu wa reli, na hapa kwenu hakuna reli. Pengine wengine mwaulizana, huyu ana habari gani na chumvi? Nimeleta habari ya karatasi ya mshahara. Mimi kila mwisho wa mwezi napewa karatasi hiyo, na juu yake imeandikwa nimekatwa shilingi ngapi kwa ajili ya matibabu. Wengi wenu hampewi. Tofauti yetu mbele ya daktari yaanzia hapo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 Serikali iliondoa ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa wa nje. Mwaka 1966 ikaundwa bima ya hospitali ya taifa, NHIF. Aliyepata shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi alikatwa shilingi 20. Kibarua hakuwamo, lakini alikuwa na matibabu ya bure. Kisha mwisho wa mwaka 1989 ada zikarudishwa, naye akabaki hana cha bure wala hana bima.

Sasa tunayo sheria mpya, iliyotiwa sahihi mwezi wa Oktoba 2023. NHIF imekwisha, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi imeshikwa na SHA. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi mia, lakini hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Nataka tufanye hesabu, hesabu ya shule ya misheni tu. Mwenye mshahara wa 100,000 alikuwa akilipa NHIF 1,700. Sasa analipa 2,750. Mwenye 12,000 alikuwa akilipa 500. Sasa analipa 330. Hapo sheria imefanya haki, na tuseme hivyo wazi. Lakini tazameni chini zaidi. Mwenye kupata 5,000 analipa 300, yaani shilingi 6 katika kila mia. Maskini anakatwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha mkubwa! Kila apataye chini ya kama 10,900 yumo katika mtego huo.

Na tajiri je? Katika akiba ya uzeeni, NSSF, tajiri hulipa sawa na mfanyakazi. Katika kodi ya nyumba hulipa shilingi 1 na nusu katika mia, sawa na yetu. Katika matibabu hatoi hata senti yake. Kazi yake ni kukata yetu na kuipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwili huu unachakaa katika kazi yake, na jua hili na maji haya ya chumvi mwayajua ninyi kuliko mimi.

Sasa kibarua. Asiye na karatasi ya mshahara huhesabiwa kama mtu anayejitegemea, kana kwamba ana duka. Huulizwa habari za nyumba yake, paa, choo, maji, kisha hupangiwa mchango, na sheria yataka aulipe wa mwaka mzima kwa mara moja. Kwa uchache ni shilingi 3,600. Paa la bati pengine limewekwa na mtoto aliye Mombasa; halisemi baba ana nini mfukoni mwezi huu. Na mvua za masika zikinyesha chumvi haikauki, kazi husimama. Nani ana 3,600 wakati huo? Mwaka 2025 ulikuja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, mtu akopeshwe mchango aulipe kidogo kidogo. Ni nafuu, lakini deni ni deni.

Sheria yasema pia kwamba asiyeweza kabisa atalipiwa na Serikali. Mwezi wa Oktoba 2025 Rais William Ruto alizindua mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 kwa kuanzia. Vema. Lakini ofisi ya takwimu ya Serikali yenyewe ilihesabu maskini zaidi ya milioni 20 kwa mwaka 2022. Fedha za kuwalipia ni za Bunge, na Bunge hugawa kila mwaka; mwaka huu laweza kutoa, mwaka ujao likapunguza. Kwa hiyo yatupasa kumwuliza mbunge kila bajeti isomwapo, si wakati wa kura tu.

Lakini wengi wenu si watu wa kuombewa. Mnafanya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja ahesabiwe mfanyakazi wa mwezi. Akiwa wa mwezi, ataandikwa kitabuni, atakatwa kidogo kidogo, na kadi yake haitalala masika yakija. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisikiliza malalamiko ya chumvi hapa Magarini, ikatoa ripoti mwaka 2006. Watoto waliozaliwa mwaka ule ni watu wazima sasa, na baadhi yao nawaona hapa wameshika majembe, bado vibarua.

Basi chama kidai mambo mawili: kifungu cha 37 kifuatwe, na tajiri aongeze fungu lake katika bima kama alipavyo katika NSSF.

Na lipo moja msilosubiri kulidai. Matibabu ya zahanati na kituo cha afya hulipwa na fedha za Serikali kwa kila aliyejiandikisha, hata kama hajalipa mchango. Watu hukaa nyumbani na homa wakidhani wanadaiwa. Jiandikisheni, pamoja na wake au waume na watoto. Kwa simu ni *147#. Asiyejua kusoma asione haya. Karani wa chama atakaa chini ya mwembe ule mpaka jioni. Njooni kwake na kitambulisho.