Krismasi Bila Nyama, Januari Bila Deni
(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama siku ya sherehe ya miaka kumi)



Nimeombwa nizungumzie mapishi. Lakini kabla ya sufuria, naomba nianze na daftari la mikopo.

Mwaka wetu wa nne nilikopa nikanunua mbuzi wa Krismasi. Mbuzi aliliwa siku moja, akaisha. Januari ikaingia na sare za watoto, madaftari, na rejesho, nami sina hata shilingi. Mdhamini wangu, ambaye yupo hapa leo, ndiye aliyenilipia. Hakunisema neno. Lakini mpaka Pasaka tulipokutana njiani kila mtu aliangalia chini. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi niliyaona.

Mwaka uliofuata binti wa dada yangu akaniletea habari kwamba atakula Krismasi kwangu. Binti huyu hali kitu chochote cha mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai, hata asali. Kwanza nilinuna. Nikasema, "Sasa huyu nimpe nini, majani?" Baadaye nikapiga hesabu, nikaamua nyumba nzima tule chakula kimoja, chake.

Basi nilipika hivi. Usiku wa kuamkia sikukuu niliroweka maharage, na mchele kidogo wa mkate wa kumimina, kila kimoja chombo chake. Asubuhi nikamwaga maji ya maharage, nikayachemsha kwa maji mapya mpaka yakalainika kabisa. Nikakuna nazi. Tui la pili, lile jepesi, likatangulia pamoja na kitunguu na nyanya. Tui zito huingia mwisho, na unakoroga bila kuacha, la sivyo litakatika.

Pilau niliipika kwa viazi na njegere. Siri yake si nyama, ni kitunguu. Kikaange kwenye mafuta mpaka kiwe kahawia, ndipo utie vitunguu saumu, tangawizi, bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Kisamvu nilikitwanga, nikakichemsha kwa muda mrefu bila mfuniko, maana kikiwa kibichi kina sumu. Kisha nikakiunga kwa karanga. Ule mchele ulioloweka ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, ukaumuka, ukatiwa sukari na iliki, ukaokwa kwa makaa chini na juu. Yai halikuhitajika.

Baba watoto alifunua sufuria, akauliza mbuzi yuko wapi. Nikamwambia, "Mwaka huu amepewa likizo." Alikula sahani mbili, halafu akasema, "Pilau haina kosa, ila ina upweke." Tulicheka sana. Watoto hawakubakiza kitu.

Wapo watakaosema huko ni kuwanyima watoto. Wali na maharage vikiliwa pamoja hukamilishana katika kujenga mwili. Ila niseme ukweli: anayekula hivi mwaka mzima, kama yule binti, lazima atafute vitamini B12 kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa, kwa sababu mimea haina ya kutegemewa. Sikukuu moja haina madhara. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai kwa wiki kadhaa kabla ya Krismasi yao ya tarehe 7 Januari, na hakuna anayewaita maskini kwa hilo.

Januari ile nilileta rejesho siku ya kikao, kabla jina langu halijaitwa. Kisha nikachukua kipande cha mkate wa kumimina, nikaenda kwa mdhamini wangu. Nikamwambia, "Dada, nisamehe." Akajibu, "Kaa kwanza, chai inachemka." Mpaka leo tunadhaminiana.

Sisemi mtu asile nyama. Mwenye nayo, ale kwa furaha. Nasema tusikope kwa ajili ya nyama. Naomba kamati ifikirie jambo moja: tununue mchele na maharage kwa pamoja wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tugawane Desemba.

 Mungu akibariki chama chetu.