Baridi ya Tunduma Inatoka Baharini

Naomba radhi mapema, maana nitasema mengi juu ya sentensi moja.

Sentensi yenyewe nimekutana nayo kwenye mswada wa kitabu cha jiografia nilioombwa kuuhakiki. Inasema kwamba Nyanda za Juu Kusini zina baridi kwa sababu ziko juu. Basi, mwandishi kamaliza, kahamia mazao ya biashara. Nilimpigia simu, kwa kuwa ni msomi ninayemheshimu, akanijibu kwa upole, "Sasa mzee wangu, si kweli?" Ni kweli, na hapo ndipo kero yangu ilipoanzia. Uongo wa kitabuni hugunduliwa siku moja ukafutwa. Jibu la kweli lililokatwa nusu hukaa miaka, linawekewa vema kwenye mitihani, na watoto wanaacha kuuliza. Mimi mwenyewe niliwahi kuwekewa vema hiyo nikiwa mwanafunzi huku Mbozi, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Misimu yetu sina haja ya kuieleza. Mnajua mvua hukata kati ya Aprili na Mei, mnajua Juni hadi Agosti ni kipupwe, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa mnazisikia redioni. Twende kwenye hoja.

Nianze kwa kumpa mpinzani wangu haki yake. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila ukipanda mita 1,000. Ziwa Rukwa liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Tunduma iko kama maradufu ya hapo. Mtu akitoka Kamsamba kwenye mpunga na joto lake, akashuka kwenye basi hapa stendi saa moja asubuhi, atatafuta sweta kabla hajatafuta chai. Hiyo ni kazi ya mwinuko, na sina ugomvi nayo.

Lakini mlima hauhami. Kimo cha Tunduma Jumatatu ndicho kimo chake Alhamisi, na ndicho kimo chake Oktoba, wakati tandiboi anafungua vifungo vya shati kwenye foleni ya forodha na muuza maji anapata riziki yake. Mpinzani atasema: Oktoba jua limerudi kwetu. Sawa. Basi tubaki ndani ya Juni peke yake, jua likiwa kule kaskazini lilipo, mlima ukiwa palepale. Siku kadhaa zinapita za anga jeupe, asubuhi kali lakini mchana wa kuanika nguo. Halafu unaamka unakuta upepo umegeuka, unatoka kusini mashariki, upande wa milima ya Ileje. Mawingu yameshuka yamekaa kama sufuria iliyofunikwa. Manyunyu hayanyeshi wala hayaachi. Mama wa nyanya sokoni amejifunga khanga mbili na juu yake koti la mtumba la mwanamume. Kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja Mbozi haikauki, wanaikusanya na kuifunika turubai. Vifaranga vinakufa usiku. Siku mbili, tatu, kisha jua linatoka na mji unasahau. Ni kitu gani kilichokuja kikaondoka? Mlima haukuja wala haukuondoka.

Mpinzani ana kimbilio moja zuri, nami sitaki kulipita kimya kimya. Atanionyesha Kitulo, kule Makete, uwanda ulio juu ya mita 2,600, ambako asubuhi za kipupwe umande huganda juu ya nyasi. Baridi ile, atasema, haikuletwa na upepo wowote. Inatokea usiku usio na upepo wala wingu, ardhi inapotoa joto lake kwenda angani bila kizuizi, na hewa nzito ya baridi kuteremka taratibu hadi mabondeni. Ni sahihi kabisa. Mkulima wa viazi aliyeunguliwa na majani usiku wa namna hiyo hawezi kuambiwa habari za bahari. Hata hivyo namuuliza mpinzani: lile anga jeupe, ile hewa kavu isiyo na mvuke wa kuzuia joto lisipotee, nani kaileta? Mara nyingi imetufikia ikifuata mgandamizo mkubwa wa hewa uliosogea kutoka kusini. Kwa hiyo tuna baridi za aina mbili, ya wingu na upepo, na ya anga jeupe na utulivu, na zote mbili zina mkono wa kusini ndani yake. Mwinuko huamua zitauma kiasi gani. Hauamui zitabisha hodi lini.

Sasa tushuke kusini kwenyewe. Tarehe 9 na 10 Juni 2025 dhoruba ya majira ya baridi iliipiga Rasi ya Mashariki, jimbo la pwani la Afrika Kusini. Milimani ilidondosha theluji nzito, njia zikafungwa; upepo ulikuwa mkali; na chini, kwenye mji wa Mthatha na vijiji vyake, mvua ileile ikageuka mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto waliokuwa kwenye basi dogo la shule. Septemba 2024 ilikuwa zamu ya barabara ya N3, ile inayotoka Durban kwenda Johannesburg: pale Van Reenen, inapopanda milima ya Drakensberg, theluji ilifukia malori na magari madogo, watu wakalala barabarani. Tunazisikia habari hizi kama habari za watu wengine. Theluji! Afrika! Tunashangaa kidogo, tunabadilisha stesheni.

Ukitazama dhoruba hizi kwa jicho la hewa, kinachotuhusu sisi ni kile kinachofuata nyuma yake. Mgandamizo mdogo wa hewa ukishapita kuelekea Bahari ya Hindi, nyuma yake huingia mgandamizo mkubwa wenye hewa baridi kutoka bahari za kusini. Hewa hiyo ni nzito na haipendi kupanda. Drakensberg inaizuia upande wa bara, kwa hiyo inazunguka kwa kufuata pwani, inapita Durban, inaingia tambarare za Msumbiji. Upande wa pili Madagaska imesimama kama ukuta, milima yake mirefu ikipita mita 2,800. Hewa inabanwa katikati, inasukumwa kaskazini kupitia mlango wa bahari wa Msumbiji. Njiani inapata joto na kunywa maji ya bahari. Theluji ilishabaki nyuma siku nyingi. Kinachofika huku juu ni masalia: upepo, wingu, manyunyu, na nyuzi chache zilizopungua kwenye kipimajoto.

Majirani zetu hawana shaka na jambo hili. Kusini mwa Malawi ile baridi ya manyunyu ya kati ya Mei na Agosti inaitwa chiperoni, kwa jina la mlima ulioko Msumbiji, upande inakotokea. Kwenye Ziwa Nyasa mvuvi anaujua mwera, upepo wa kusini mashariki unaosukuma mawimbi urefu wote wa ziwa hadi kichwani kwake, Kyela na Matema, na hauchezei. Kutoka hapo hewa inapanda kuta za Rungwe na Ileje, inadondosha maji yake huko, na kilichobaki kinavuka hadi Mbozi na Tunduma. Yaani kila kituo cha njia hii kina watu wanaoijua baridi hii na kuielekeza kwa kidole upande inakotoka. Ni sisi tu tulioandika kwamba inatoka ardhini.

Nitaomba mnivumilie hapa, maana nafika kwa mtu ninayempenda. Miaka ya 1960, kwenye Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki pale Nairobi, alikuwepo Mwingereza mmoja, John Findlater. Chombo chake kikuu kilikuwa puto. Puto dogo lililojazwa gesi linaachiwa, mtu amesimama chini na darubini ya kupimia pembe, anasoma pembe kila dakika, msaidizi anaandika, puto linapotea machoni, basi. Kwa hesabu ya pembe hizo unajua upepo wa kila kimo unakimbia kwa kasi gani na kuelekea wapi. Kazi ya kuchosha shingo. Wenzake walizichukua namba hizo kwa ajili ya marubani na kuziweka kabatini. Findlater alizitoa kabatini akaziweka pamoja, kituo kwa kituo, na katika makala zake za 1966 na 1969 akaonyesha jambo la kushangaza: mto wa hewa, mwembamba, wa chini, kama kilomita moja na nusu tu kutoka ardhini, unaotoka upande wa Morisi, unapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, unapiga pwani yetu, unavuka ikweta juu ya Kenya, unapinda Somalia, na kuishia kwenye mvua za India. Kusi yetu, ile iliyosukuma majahazi, ilikuwa tawi la kitu kikubwa namna hiyo. Hakuishia hapo. Alilinganisha nguvu ya mto huo juu ya Kenya na mvua za magharibi mwa India, akaona vinapanda na kushuka kwa kuhusiana.

Ninalolipenda kwa Findlater, zaidi ya ugunduzi wenyewe, ni kwamba majibu yalikuwa yameshaandikwa. Mabwana na vijana wa vituoni, ambao hakuna anayewataja, walikwishapima. Ilibaki mtu wa kuuliza swali la mbali kuliko kituo chake. Mwandishi wa kile kitabu cha jiografia anauliza swali linaloishia kwenye kontua ya ramani yake.

Sasa nije kwa madereva, na najua baadhi ya wenzangu watatabasamu. Mwaka juzi, kwenye maegesho karibu na kituo cha pamoja cha forodha, nilikuwa nakunywa chai kwa mama mmoja mwenye banda. Akaja dereva wa makamo, Mtanzania, mzula hadi kwenye nyusi, ambaye huendesha kati ya Durban na Tunduma. Aliniamkia, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akacheka, akatoa simu. Walikuwa na grupu la WhatsApp la madereva wa njia ile: wapo Durban, wapo Harrismith karibu na Van Reenen, wapo Beitbridge, Chirundu, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde. Akanisikilizisha. Wa Harrismith analalamika theluji imefunga barabara. Sauti nyingine, ya baadaye, kutoka Chirundu, inasema upepo umegeuka. Kisha wa Mpika anauliza nani ana koti la ziada. "Hivi mwalimu," akaniambia, "mimi nikisikia ya Mpika, hapa Tunduma nanunua mkaa mapema." Nilibaki nimeshika kikombe. Ile ilikuwa laini ya vituo vya hali ya hewa yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,500, na hakuna bajeti ya serikali iliyoijenga.

Naijua hatari ya ushahidi huu. Simu haina kipimajoto. Kijana aliyekulia Kyela akifika Mpika hutetemeka siku ambayo Mnyiha wa huku juu anavaa shati. Watu hukumbuka safari ambazo baridi ilifuata na kusahau ambazo haikufuata, na ziko nyingi: dhoruba inaweza kuifunga Van Reenen kisha hewa yake ikatawanyika baharini, sisi tusihisi chochote. Wala sidai kwamba dhoruba ya Mthatha ndiyo iliyowatetemesha watu wa Tunduma wiki ile. Ninachodai ni kwamba dhoruba zile na baridi yetu ni za ukoo mmoja, na kwamba ushahidi wa madereva, pamoja na kasoro zake zote, unatazama upande sahihi, wakati kitabu kinatazama chini ya miguu.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu, nao wananicheka, kwamba kati ya Juni na Agosti Tunduma ni mji wa pwani. Hewa tunayovuta imetoka baharini. Wazee wa Zanzibar waliiona dhoruba ya Aprili 1872 ikiilaza mikarafuu ya Unguja wakajua bahari inaweza kufanya nini. Sisi wa bara tunadhani hilo halituhusu kwa kuwa hatuna mikarafuu wala ngalawa. Sijashawishika bado kwamba nimekosea.

Na jambo hili lina watu ndani yake. Kila kipupwe tunasikia habari ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga madirisha ili joto lisitoke, ikalala, isiamke. Gesi ya mkaa huo, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Mwinuko hautampa mtu onyo, kwa sababu mwinuko uko kila siku. Wimbi la baridi lenye safari ya siku kadhaa linaweza kutolewa onyo. Redio ya mji itumie dakika moja, baada ya matokeo ya ligi ya Uingereza ambayo haiyakosi, iseme: Drakensberg kumeanguka theluji, mgandamizo mkubwa unasogea Msumbiji, anayekausha kahawa aandae turubai, anayelala na jiko alitoe nje. Ujumbe huohuo ubandikwe kwenye maegesho ya malori kwa Kiswahili na Kibemba.

Wenzangu wa takwimu, kazi yenu naitaja kisha nikae. Tuna daftari za vituo vya Mbeya na Mbozi. Zambia wanazo za Mpika na Kasama. Afrika Kusini wanazo za Durban. Ziwekwe pamoja, Juni kwa Juni, na zihesabiwe pia zile dhoruba ambazo hazikutufikia. Nikishindwa kwa namba, mwandishi wa kitabu nitamnunulia chai pale bandani kwa mama, na sentensi yake itabaki ilivyo. Hadi hapo mswada nimeurudisha kwake, na ukingoni nimeandika kwa wino mwekundu: "Lini?"