Maji ya Chini ya Mlima Meru na Haki ya Anayeyanywa

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya maji. Najua wengi mlitarajia mada ya mipaka ya mashamba, rushwa, au mirathi ya wajane, maana hayo ndiyo mashauri yanayofika mara nyingi mbele ya kamati zetu. Hata hivyo, nawaomba leo tuanze na jambo tunaloliona kila Jumapili, na ambalo kwa kulizoea tumeacha kulitazama.

Katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, watoto wetu wengi wanapocheka hufunika mdomo kwa kiganja. Siku ya sherehe mpiga picha akiwaomba watabasamu, midomo hufungwa. Mgeni hudhani ni adabu. Sisi tunajua kwamba ni aibu, kwa sababu meno yao yana madoa ya kahawia. Kadhalika tunao wazee wasioweza kupiga magoti kwa kuwa maungio yamekakamaa, na vijana wenye miguu iliyopinda tangu utotoni. Tumezoea kusema, "Ndivyo walivyo watu wa huku." Mimi nasema sivyo walivyo. Ndivyo walivyofanywa na maji. Na siku tunapolijua hilo, jambo hili linaacha kuwa la maumbile tu, linakuwa pia jambo la haki.

1. Hali ya maji yetu

Mlima Meru ni volkano. Miamba na majivu yake yana madini yaitwayo floridi. Mvua ikinyesha, maji hupenya ardhini, huchukua muda mrefu kupita katika miamba hiyo, na huyayeyusha madini hayo. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu zetu nyingi yana asili ya magadi na yana kalsiamu kidogo. Kama kalsiamu ingekuwa nyingi, ingeshikana na floridi na kuituamisha. Kwa kuwa ni kidogo, floridi hubaki ndani ya maji mpaka kisimani na mpaka kikombeni.

Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 1984 kwamba floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika mto Engare Nanyuki, vipimo vilivyochapishwa vimeonyesha zaidi ya miligramu 20. Katika maziwa ya Momella kiwango hufikia mamia ya miligramu. Lakini tusidhani kwamba mlima wote uko sawa. Ziko chemchemi zenye maji mazuri, na visima viwili vya majirani huweza kutofautiana sana. Wala jicho halisaidii. Mahali petu paitwapo Maji ya Chai pamepata jina kutokana na rangi ya mto, lakini floridi yenyewe haina rangi, haina harufu, na mdomo hauitambui. Maji meupe kabisa yaweza kuwa ndiyo mabaya zaidi.

Yafaa pia tuseme kweli yote: floridi kidogo huimarisha meno, ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya meno. Ubaya uko katika kuzidi. Meno ya kudumu ya mtoto hujengwa ndani ya ufizi kuanzia kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi. Floridi ikizidi katika miaka hiyo, jino huota likiwa tayari limeharibika, wala hakuna mswaki wa kuliondolea doa. Anayekunywa kiasi kikubwa kwa miaka mingi huumizwa mifupa na maungio, na lishe duni huzidisha madhara.

2. Tumshitaki nani?

Katika mikutano ya jumuiya huulizwa, "Baba, ni nani aliyetutilia sumu?" Swali hili ni la haki, na katika nchi nyingine lina jibu. Huko Oscoda, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, palikuwa na kambi ya ndege za kijeshi iliyoitwa Wurtsmith, iliyofungwa mwaka 1993. Wanajeshi waliondoka, lakini maji ya chini ya ardhi yalibaki na kemikali za kusafishia vyuma na za povu la kuzimia moto. Maji hayo yamekuwa yakivutwa kwa pampu, kupitishwa katika mkaa maalumu na kusafishwa, na wakazi wameendelea kudai kwamba kazi hiyo ifanyike upesi na kwa ukamilifu zaidi. Kazi hiyo ni ngumu na ni ya miaka mingi. Lakini angalau wakazi wa Oscoda wanajua mlango wa kubisha: aliyechafua ni jeshi, na jeshi lina anwani.

Sisi hatuna anwani ya namna hiyo. Mlima hauitwi mahakamani. Kwa sababu hiyo wengi wamehitimisha kwamba, kwa kuwa hakuna mkosaji, hakuna dhuluma. Hapa ndipo ninapowaomba tutafakari kwa makini. Ukame nao hauna mkosaji. Lakini mwenye ghala lililojaa akimwacha jirani afe njaa, tunajua jina la tendo hilo. Haki haiulizi tu ni nani aliyeleta madhara. Huuliza pia ni nani anayajua, ni nani anaweza kuyapunguza, na ni nani ameachwa ayabebe peke yake. Kizazi cha babu zetu hakikujua. Sisi tunajua. Basi kutojua kulikowaondolea wao lawama hakutatuondolea sisi.

Tazameni historia ya vipimo vyenyewe. Mwaka 1974 nchi yetu ilikuwa na viwango vya muda vya maji ya vijijini vilivyoruhusu floridi hadi miligramu 8 kwa lita. Si kwamba mfupa wa mwanakijiji ni mgumu kuliko mifupa mingine. Sababu ni kwamba kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi bila kuwapo vingine vya kuvishika nafasi. Naielewa sababu hiyo; kiu nayo huua. Lakini neno "muda" lilirefuka mno. Baadaye kiwango kilishushwa hadi miligramu 4, na mwaka 2018 hadi 1.5. Tunashukuru. Hata hivyo, namba iliyoandikwa upya katika karatasi haiondoi floridi hata katika ndoo moja. Inampa raia sababu halali ya kuuliza, na kazi ya kuuliza ni yetu.

3. Njia zilizopo na mipaka yake

Kwanza niseme yasiyosaidia, maana wengi wamedanganyika. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, kipimo chake huongezeka. Kuchuja kwa kitambaa au kwa mchanga hakuiondoi. Dawa ya klorini haiiondoi. Mkaa wa kawaida wa jikoni vilevile hautoshi.

Njia ya kwanza inayofaa ni kutafuta chanzo kingine, au kuchanganya maji yenye floridi nyingi na yenye floridi kidogo. Ndiyo njia iliyofuatwa kwa ajili ya jiji la Arusha. Mradi mkubwa wa maji wa takriban shilingi bilioni 520, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2015, umechimba visima virefu, vingine vikiwa wilayani Hai mkoani Kilimanjaro. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini bomba halipandi kila kilima, na familia zilizotawanyika mbali na mtandao wa mabomba haziwezi kuusubiri wakati meno ya watoto wao hayasubiri.

Njia ya pili ni mvua. Maji ya mvua hayajapita katika miamba, kwa hiyo karibu hayana floridi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la kanisa lenye mita za mraba 300, kwa mvua ya milimita 10, hupokea lita 3,000. Hata ukitoa zinazopotea, zinabaki nyingi. Katika vijiji vingi paa kubwa la mabati kuliko yote ni letu. Nimeona makanisa ambayo maji ya paa lake huchimba mtaro na kubomoa msingi, huku akina mama wa parokia hiyo hiyo wakipita mlangoni na ndoo za maji ya kisima.

Njia ya tatu ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa hewa kidogo, husagwa kuwa chembe, kisha maji hupitishwa humo na floridi hunaswa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hii miaka mingi. Nchini Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru liliianza mwaka 1998 na kuifikisha katika nyumba, shule na vituo vya maji. Iko pia njia ya shabu na chokaa, iliyotoka Nalgonda nchini India. Na hapa hapa Arusha, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela alibuni chujio lililompatia mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi.

Basi elimu ipo. Kwa nini vichujio vingi hufa? Mkaa wa mifupa hushiba. Ukishiba, maji huendelea kutoka meupe na matamu kama jana, lakini floridi inapita yote. Bomba likivunjika, kijiji kizima hupiga kelele siku hiyo hiyo. Chujio likishiba, hakuna anayejua, ila mtoto atakayeota meno miaka mitano baadaye. Kwa hiyo chujio lisilo na mtu wa kupima na mfuko wa kubadilisha mkaa ni faraja ya uongo. Aidha, pale tunapoishi pamoja na Waislamu na watu wa imani nyingine, tuwaeleze wazi mifupa ni ya mnyama gani na imetoka wapi, ili maji yasigeuke chanzo cha fitina.

4. Wajibu wetu

Kwanza, tuombe vipimo. Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, RUWASA vijijini na mamlaka ya maji ya Arusha mjini, viulizwe kwa heshima na kwa maandishi: chanzo chetu kina floridi kiasi gani, na kilipimwa lini? Majibu yasomwe kanisani kama tunavyosoma matangazo ya ndoa.

Pili, tuwape wadogo kwanza. Si lazima maji yote ya nyumba yasafishwe. Ya kuoga na ya kufulia yanaweza kubaki yalivyo. Ya kunywa na kupikia, kwa familia nyingi, hayazidi sana ndoo moja kwa siku. Hata hiyo ikikosekana, watangulie watoto walio chini ya miaka 8. Mtoto mchanga anyonye. Maziwa ya mama huwa na floridi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji haya. Ni hatari zaidi kumkorogea maziwa ya kopo kwa maji ya kisima.

Tatu, tupunguze magadi katika maharage na makande, kwa kuwa nayo huongeza floridi. Najua nagusa chungu cha mama zetu. Ndiyo maana naomba WAWATA waliongoze jambo hili, si mapadre.

Nne, tukomeshe dhihaka. Mtoto mwenye meno ya kahawia si mchafu, wala hajalaaniwa. Anayemcheka anamwadhibu kwa kuwa alikuwa na kiu.

5. Hitimisho

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kuwatetea. Ardhi ile iliyodaiwa ng'ambo ya bahari ndiyo ile ile yenye mto niliowatajia. Watu waliojua kuipigania ardhi hawashindwi kuuliza juu ya maji yake. Tena mwaka 2010 Umoja wa Mataifa huo huo ulitambua kwamba maji safi ni haki ya binadamu.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 2, watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakamweleza kwamba mji wao ni mzuri, ila maji yake ni mabaya. Yafaa tukumbuke mambo mawili. Hawakusema ndivyo walivyo watu wa Yeriko. Walilitaja tatizo kwa jina. Na nabii, kabla ya kuyaponya maji, aliwaomba wao walete chombo kipya. Chombo hicho ndicho ninachowaomba leo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, tunajua kipimo cha floridi cha maji tunayokunywa? Nani atakwenda kuuliza, na lini atatuletea jibu?
2. Maji ya paa la kanisa letu na la shule yetu yanakwenda wapi?
3. Kama tuna chujio, nani anapima, na mkaa ulibadilishwa lini?
4. Ni familia gani katika jumuiya yetu iko mbali zaidi na maji mazuri, na tutaanzaje nayo?