Waipa Kabla ya Vuli
Vuli ikikaribia, inua waipa za gari lako upitishe kidole kwenye mpira. Ukiwa umekauka au kuchanika, badilisha. Jua na vumbi huumaliza hata gari likiwa limeegeshwa tu. Pima urefu wa kila waipa kwa inchi kabla ya kwenda kununua mpya Kirinyaga Road, Nairobi, kwani ya upande wa dereva mara nyingi ni ndefu kuliko ya abiria.

Na dawa za kufukuza maji kwenye kioo? Hizo hutegemea upepo wa mwendo kuyasukuma matone. Kwenye foleni ya magari ya barabara ya Outering, utangoja sana! Kwanza osha utando wa mafuta na moshi, nje na ndani. Huo ndio unaotawanya mwanga wa taa za matatu usiku.