TUSOME NAMBA KABLA YA KUNUNUA MLANGO WA GARI



Leo tuzungumze juu ya safari ya Dar es Salaam kwenda kutafuta kipuri cha bodi ya gari. Tuseme kikundi chenu kina Toyota Hiace kuukuu, ile tunayoiita Haisi au kipanya. Ndiyo inayopeleka nyanya sokoni, ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito hospitali usiku. Sasa imegongwa ubavuni. Mlango wa pembeni, ule unaosukumwa kwenye reli, umekunjika, na fundi bodi amesema haunyoosheki tena. Fedha ya mlango wa mtumba imechangwa nyumba kwa nyumba. Nani aende, na aende na nini?

Aende anayejua kusoma, na aende na kadi ya gari. Ndani ya kadi hiyo mna namba ya chesisi. Wengi wetu hatuiangalii, tunadhani ni mambo ya polisi na watu wa kodi. Kumbe namba ile inasema mengi. Chukueni mfano wa namba inayoanza na RZH112. Tazameni tarakimu tatu zinazofuata herufi H. Zikianza na 1, gari ni ya umbo lililoanza kutoka Japani mwaka 1989. Zikianza na 2, kama katika KDH201, ni umbo jipya lililoanza mwaka 2004. Zote ni Haisi, zote zimeandikwa Toyota, lakini mlango wa moja haukai kwenye nyingine hata mkiupiga nyundo mchana kutwa.

Kwa hiyo ukifika dukani usiseme tu, "Nataka mlango wa Haisi." Ukisema hivyo utaletewa ule uliopo, si ule unaoutaka. Soma namba kwa sauti. Muuzaji anayejua kazi yake atafurahi, maana umempunguzia maswali.

Vipuri vya mtumba vinapatikana kwa wingi upande wa Gerezani, pale Kariakoo, na pia Mtaa wa Shauri Moyo. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yana kituo Gerezani, basi mgeni hapotei. Atakayekupokea kwanza huenda asiwe mwenye duka. Atakuwa winga, yaani dalali wa mtaani, naye chake huongezwa juu ya bei. Hatusemi mawinga wote ni wabaya, wapo wanaojua duka lenye mali kuliko sisi. Ila fedha mpe mwenye duka mkononi mwake, na baada ya kuona mlango, si kabla.

Hapa pana jambo ambalo huwaponza hata wenyeji. Vipuri vingi hutoka Japani, ambako gari hupita kushoto kama kwetu, na mlango wa abiria huwa kushoto. Lakini vingine huja kutoka Dubai na Sharjah, na huko magari hupita kulia. Gari la huko hufunguka upande wa kulia ili abiria wasishukie katikati ya barabara. Mlango wake ni mzima, unang'aa, pengine na bei ni nafuu, lakini kwa gari lenu ni bati tu. Simama kama unayetaka kuingia ndani ya gari, uangalie kitasa kiko upande gani na mlango unasukumwa kwenda wapi. Ni vizuri zaidi kubeba picha ya gari lenu kwenye simu, au mchoro wenye vipimo: urefu, upana, na nafasi ya dirisha. Maana ziko Haisi za mizigo ambazo mlango wake hauna kioo, ni bati tupu.

Halafu kagua bati lenyewe. Rangi hudanganya. Beba sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, uipitishe polepole mlangoni. Ikishika huku na kuteleza kule, chini ya rangi pana puti nene, na chini ya puti pana kutu au mkunjo wa zamani. Gonga kwa kidole usikilize. Pekua hasa ukingo wa chini, maji hukaa pale.

Kama ni kipuri cha mbele, kama vile sho, taa au bampa, namba ya chesisi peke yake haitoshi. Kiwanda kilibadilisha sura ya mbele zaidi ya mara moja bila kubadilisha umbo la gari. Na katika Haisi za mwaka 2004 na kuendelea, kuna nyembamba yenye sentimeta 169.5 na pana yenye sentimeta 188. Kipimeni mlichovua, mwende na vipimo.

Dai risiti ya mashine, na ndani yake liandikwe jina la kitu ulichonunua. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na polisi akikusimamisha njiani na mlango begani, maneno matupu hayatakusaidia. Patana pia, kwa maandishi, juu ya siku za kurudisha usipoingia.

Mlango wa zamani msiutupe mpaka wa pili umefungwa na kufunguka vizuri. Roli, kitasa na mpira wa kuzuia vumbi mara nyingi havimo kwenye ule ulionunuliwa, na fundi atavitaka.