Meza Moja, Bei Moja: Hotuba ya Mwenyekiti



Leo tumetimiza miaka kumi. Tusisahau Sabasaba yetu ya kwanza, pale Barabara ya Kilwa. Tulipeleka vikapu vya ukili na mikoba ya vipande vya vitenge tulivyoomba kwa mafundi cherehani. Mteja akauliza bei ya kikapu: huyu elfu kumi, yule nane, mwingine tano. Akachukua cha elfu tano, akaenda zake. Jioni nauli tukakopa kwenye sanduku la kikundi, tukarudi tumenuniana.

Tangu hapo bei tunapanga nyumbani: ukili, rangi, nauli, na siku za kusuka. Mikono nayo ina gharama, jamani! Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, vikapu vilitafutwa, na sisi hatukugombana tena.

Deni lile tulilipa. Tusirudi kule.